Tulifungua Vyuma Vyote vya Boti: Tulichokikuta Chini Yake



Wengi mmeuliza kwa nini boti ya Dayosisi haikuonekana ziwani tangu Februari hadi Juni 2024, na kwa nini safari za kliniki ya mama na mtoto visiwani zilifanyika kwa mitumbwi ya kukodi. Yapo pia maneno yaliyotufikia ofisini kwamba boti imeuzwa. Haijauzwa. Muda wote huo ilikuwa juu ya magogo nyuma ya karakana, imevuliwa kila chuma ilichokuwa nacho, kuanzia vyuma vya kufungia kamba hadi bawaba ya kabati la vikombe. Kwa kuwa wamiliki kadhaa wa boti katika mwambao wetu wa Ziwa Victoria walitutembelea kuona kazi na wakaomba maelezo ya maandishi, Kamati ya Mradi imeniagiza niandike makala hii. Nitajitahidi kueleza kwa lugha nyepesi, ingawa mimi si fundi. Shahada yangu ni ya mipango ya maendeleo, na mengi niliyoandika hapa nimejifunza nikiwa nimeshika spana upande wa chini wa sitaha huku fundi akinifokea kutoka juu.

KILICHOTUPATA GATINI

Boti yetu kwa asili yake si ya kazi. Ilijengwa kwa faiba huko kaskazini mwa Ulaya katika miaka ya 1970 kwa ajili ya matembezi: watu kwenda nayo baharini siku za mapumziko, kulala humo usiku mmoja au miwili na kurudi nyumbani. Tuliipokea ikiwa kuukuu mwaka 2010 kutoka kwa marafiki wa ng'ambo, tukaigeuza kuwa chombo cha huduma. Boti za namna hii zina vyuma vingi kuliko mtumbwi wowote wa uvuvi: vyuma vya kushikia pembeni, vyuma vyenye pembe mbili vya kuzungushia kamba, roda, fremu za madirisha, bawaba, vitasa, pete za kuning'inizia taa. Vikiwa safi hupendeza, na kwa miaka mingi sisi tulivitunza kwa macho tu. Kila Jumamosi kijana wa boti alivipaka dawa ya kung'arishia, akavifuta, basi.

Mwezi Novemba 2023 tulikuwa tumefunga kwenye gati la mawe la kisiwa kimojawapo. Upepo wa mchana ulikuwa umeanza. Wauguzi wawili walikuwa wakiteremsha kisanduku cha chanjo, mmoja wao akiwa ameweka mguu mmoja gatini na wa pili bado uko botini. Wimbi likainua omo, kamba ikakaza, na kile chuma cha mbele cha kufungia kamba kikang'oka na kuruka kama jiwe la kombeo. Kilipita karibu na sikio la nahodha, kikavunja kioo cha chumba cha usukani. Boti ikageuka ubavu kuelekea mawe. Muuguzi akaanguka majini, katikati ya boti na gati. Wavuvi waliokuwa karibu walimtoa kabla boti haijarudi kugonga. Aliumia goti na bega, na bega hilo bado linamsumbua siku za baridi. Chanjo zote za siku hiyo zilipotea.

Nilikabidhiwa kile chuma jioni yake. Upande wa juu kiling'aa hata ningeweza kujitazama. Kilikuwa kinashikwa na bolti nne. Mbili zilikuwa zimekatika zamani, maana mahali zilipokatikia palikuwa na kutu nyeusi iliyokauka. Ya tatu ilikuwa imeliwa katikati hadi kubaki unene wa njiti ya kiberiti. Ya nne peke yake ndiyo iliyokuwa ikishika boti ya mita tisa pamoja na watu wake. Katika faili langu kuna fomu ya ukaguzi ya mwezi Oktoba mwaka ule. Mbele ya neno "Vyuma" imeandikwa "Vizuri", na sahihi iliyo chini ni yangu.

STENLESI NAYO HULIWA

Bolti zile zilikuwa za stenlesi, na hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Tunadhani stenlesi ni chuma kisichoweza kushika kutu. Ukweli ni kwamba ni chuma kilichochanganywa na kromu, isiyopungua takriban sehemu 10.5 katika kila sehemu 100. Kromu hiyo hukutana na oksijeni na kutengeneza ngozi nyembamba mno isiyoonekana kwa macho, na ngozi hiyo ndiyo kinga yenyewe. Ukiikwaruza hujirudisha, mradi oksijeni ipo. Mwingereza Harry Brearley, ambaye kazi yake mjini Sheffield mwaka 1913 ndiyo iliyokitambulisha chuma cha aina hii, alikuwa akitafuta chuma bora cha mitutu ya bunduki. Hata hivyo, kilichokipatia sifa mapema ni visu vya mezani, yaani kitu kinachooshwa, kufutwa na kuachwa hewani.

Bolti ya boti haiishi maisha hayo. Kichwa chake kipo juani, lakini mwili wake umezama ndani ya sitaha, katika tundu jembamba. Gundi ya kuzuia maji ikizeeka na kupasuka, maji huingia katika tundu na kutulia humo. Hewa mpya haifiki. Ngozi ile ikiharibika haina cha kujitengenezea tena, na chuma huanza kuliwa katikati, mahali pasipoonekana. Kama maji hayo yana chumvi, kazi hiyo huenda kwa haraka zaidi. Ikumbukwe kwamba boti yetu iliishi baharini zaidi ya miaka thelathini kabla ya kuletwa kwenye maji yetu matamu. Kwa hiyo ugonjwa tulirithi, lakini sisi ndio tuliouacha ukomae kwa miaka kumi na mitatu bila kufungua hata bolti moja.

Aidha, kuna stenlesi na stenlesi. Bolti nyingi nzuri zina alama kichwani: A2 au A4. A4 imeongezewa madini ya molibdenamu, kama sehemu 2 hadi 3 katika 100, na huvumilia chumvi kuliko A2. Zetu zilizokatika zilikuwa A2. Ukienda dukani angalia alama hiyo, na bolti isiyo na alama yoyote waachie wenye mageti ya nyumba.

KUJUA NI CHUMA GANI

Fundi wetu, mzee aliyejifunza kazi katika karakana za meli, alikataa tusianze kusugua kitu chochote kabla ya kutambua kila kipande. "Mratibu," aliniambia, "dawa ya huyu ni sumu ya yule." Tulipekua sitaha nzima kwa sumaku ndogo iliyotolewa kwenye spika mbovu ya redio. Inaponasa kwa nguvu, hicho ni chuma cha kawaida kilichovikwa zinki au kromu. Stenlesi nyingi za boti hazivutwi, ingawa bolti zilizofinyangwa bila moto huweza kuvutwa kidogo, kwa hiyo usizitupe kwa kosa hilo. Baada ya sumaku tulikwaruza kila kipande kidogo upande usioonekana.

Ikitokea rangi ya njano, ni shaba ya njano au ni bronzi. Shaba ya njano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Bronzi ya asili ni shaba nyekundu na bati, ile ya kulehemu, si ya kuezekea. Kwa macho hufanana sana, lakini ndani ya maji zinatofautiana kama siku na usiku. Shaba ya njano ikikaa kwenye maji ya chumvi hunyonywa zinki yake polepole, na kinachobaki ni shaba yenye vinyweleo, ya rangi ya waridi, isiyo na nguvu. Tulitoa skrubu sita za namna hiyo chini ya mkia wa maji. Ukizitazama ni nzima, umbo na meno yapo. Nilivunja moja kwa vidole kama biskuti. Bronzi haina tabia hiyo, na vyuma vyetu vya bronzi, ambavyo juu vilikuwa vimepakwa kromu, vilikuwa na afya kuliko kitu kingine chochote kwenye boti.

Ikitokea rangi ya kijivu hafifu na kipande ni chepesi kuliko ulivyotazamia, na kromu ya juu imetoa vipele kama vya tetekuwanga, hiyo ni aloi ya zinki iliyomiminwa. Hiyo haiponi. Vipele ni zinki inayooza chini ya kromu, na ukisugua unafungua shimo kubwa zaidi. Tulikuwa na vitasa na bawaba kumi na moja za aina hii. Zote zilikwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

KUFUNGUA

Kufungua ndiyo nusu ya kazi yote, na ndiko tulikoharibu vitu vingi zaidi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kabla ya kushika spana tulipiga picha kila chuma kwa simu, juu na chini. Kisha tukachora sitaha nzima kwenye karatasi ya manila na kuandika namba. Kila kipande kilipotoka kiliwekwa kwenye kopo la maziwa ya unga lenye namba ileile, pamoja na bolti, nati na washa zake, hata zilizovunjika. Akina mama wa kwaya walituletea makopo hayo. Tulijaza sabini na moja. Mtu akisema atakumbuka kwa kichwa, msikilize kwa heshima, halafu andika namba.

Skrubu nyingi za boti za zamani zina mfereji mmoja kichwani, na mfereji huo umejaa rangi na dawa ya kung'arishia ya miaka mingi. Ukiweka bisibisi juu juu itateleza na kuula mfereji, na kuanzia hapo umeshapoteza skrubu. Kwanza safisha mfereji kwa ncha ya msumari hadi uone chuma. Tumia bisibisi inayojaza mfereji kwa upana na kwa unene. Igonge kwa nyundo mara mbili tatu ikiwa imesimama wima humo, maana mtikisiko huachanisha meno yaliyoshikana. Kisha, na hili lilinishangaza, kaza kidogo kwanza ndipo ulegeze. Skrubu ikisogea hata kwa unywele mmoja, upande wowote, imekubali.

Ikikataa, tia mafuta ya kulegeza na uiache usiku kucha. Mafundi wengine huchanganya mafuta ya giaboksi ya otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu. Mchanganyiko huo hupenya vizuri lakini unashika moto upesi, kwa hiyo ukishautumia usije na hatua inayofuata, ambayo ni joto. Kwa joto tulitumia kile chuma cha moto cha fundi redio: unakiegemeza juu ya kichwa cha skrubu dakika kadhaa, chuma hutanuka, gundi ya zamani hulainika, na skrubu nyingi hutoka zikiwa bado za moto. Usitumie mtungi wa gesi. Faiba huungua kabla hujaona moshi, na zile aloi za zinki huyeyuka kabla ya kufikia nyuzi 400.

Bolti zinazopenya sitaha zinahitaji watu wawili, mmoja juu na mmoja chini, na wanaoelewana. Chini ya sitaha yetu kulikuwa na dari la mbao za urembo, hivyo ili kufikia nati nne tulifungua karibu nusu ya dari. Ninaamini hiyo ndiyo sababu hasa ya watu wengi kutofungua: kuna uvivu, lakini kuna dari zaidi. Mahali nati ilipokuwa imeshikana kabisa, tulikata kwa msumeno wa mkono. Grenda tuliiogopa baada ya siku ya kwanza, kwa sababu cheche zake zilinasa kwenye sitaha nyeupe na kesho yake kukawa na madoa mekundu ya kutu kila mahali.

Kichwa kilichokwisha kabisa hutobolewa kwa drili. Hapa stenlesi ina kiburi chake: drili ikizunguka kwa kasi bila kukata, chuma huwa kigumu zaidi pale pale, na hutakitoboa tena. Zungusha polepole, sukuma kwa nguvu, na tia mafuta. Ukipata vipande virefu vinavyojikunja unafanya vizuri. Ukipata vumbi na mlio, simama na unoe drili.

Bolti zikishatoka, chuma bado kitakuwa kimeshikwa na gundi yake. Msaidizi wetu mmoja aliingiza mtaimbo chini ya chuma cha nyuma na kukibinua. Kilitoka, pamoja na ufa wa sentimita ishirini kwenye ngozi ya faiba. Njia sahihi ni kisu chembamba, au uzi mgumu wa kuvulia samaki unaovutwa huku na huku kama msumeno, na vikabari vya mbao vinavyosogezwa kidogo kidogo. Huchukua saa moja kwa kipande. Kuziba ufa kulichukua siku mbili.

NDANI YA SITAHA

Sitaha ya boti za namna hii ni kama mkate uliopakwa siagi: faiba juu, faiba chini, na mbao nyepesi katikati. Maji yaliyokula bolti yalikuwa pia yamekula mbao. Fundi alipita akigonga kwa mpini wa bisibisi. Palipo pakavu palitoa sauti kali. Kuzunguka kile chuma cha mbele palilia kama boga, na tulipofungua tulichota mbao kwa kijiko, imelowa na kuwa nyeusi kama ugoro. Eneo la ukubwa wa sinia ya pilau lilikuwa limeoza. Tulikata ngozi ya juu, tukatoa uozo wote, tukaacha pakauke wiki tatu chini ya turubai, tukajaza mbao mpya na epoksi. Gharama kubwa ya ukarabati ilikuwa hapa. Vyuma vyenyewe havikutugharimu sana. Baadhi ya wajumbe wa Kamati walihoji matumizi haya, na tuliwapeleka wakagonge wenyewe.

KUSAFISHA NA KUREJESHA SURA

Hii ndiyo sehemu ambayo watu huipenda, na kwa kweli ina raha yake, lakini ni fupi kueleza.

Bronzi yenye ukungu wa kijani tuliilaza kwenye siki yenye chumvi kidogo, kipande kwa kipande, si zaidi ya dakika kumi na tano, tukaisugua kwa mswaki na kuisuuza kwa maji yenye magadi ili kuua ukali wa siki. Usiisahau humo. Shaba ya njano hasa ikikaa muda mrefu hutoka na madoa ya waridi. Baadaye msasa wa namba 220 kwa mikwaruzo mikubwa, kisha 400, 600, 800, na 1200, kila mara ukigeuza mwelekeo ili uone mikwaruzo ya namba iliyopita imeisha. Wanaoruka namba ili kuwahi hurudi walikotoka.

Mwisho ni gurudumu la kitambaa lenye dawa ya kung'arishia. Naomba niseme kwa msisitizo: gurudumu hilo linatisha kuliko linavyoonekana. Likidaka ukingo wa kipande linakirusha kwa nguvu ya kuvunja mfupa. Shikilia kazi chini ya usawa wa katikati ya gurudumu, na ukingo ambao gurudumu linaucha ndio uguswe, kamwe usielekeze ukingo dhidi ya mzunguko. Miwani na barakoa ni lazima. Shati la mikono mirefu isiyofungwa vifungo liachwe nyumbani.

Kromu iliyobanduka hatukuirudisha. Kupaka kromu upya kunataka kuvua ya zamani, kuweka nikeli, ndipo kromu, na kemikali ya kromu inayotumika sana katika kazi hiyo husababisha saratani. Si kazi ya uani. Tuliamua bronzi ikae kama ilivyo, na ndani ya miezi miwili imekuwa ya kahawia iliyotulia. Hatukuipaka vanishi pia, kwa sababu vanishi juu ya chuma kinachosuguliwa na kamba hubanduka na kuficha maji chini yake.

Stenlesi ina miiko miwili. Usiisugue kwa ule waya wa kusugulia masufuria. Waya huo ni chuma cha kawaida, huacha chembechembe zake kwenye ngozi ya stenlesi, nazo hushika kutu. Kijana wetu alisugua vyuma vya kushikia vya upande wa kulia kwa waya huo, na wiki iliyofuata vilikuwa na vidoadoa vyekundu kama surua, wakati vya kushoto vilivyosuguliwa kwa sponji ngumu ya nailoni vilikuwa safi. Mwiko wa pili ni dawa za kutoa madoa kwenye nguo zenye klorini, na asidi ya kusafishia vyoo. Zote hushambulia ngozi ile ile tunayoitaka ibaki. Vidoadoa vilitolewa kwa asidi ya sitriki, unga unaotumika kutia uchachu katika vinywaji, uliokorogwa kwenye maji ya uvuguvugu. Asidi hiyo huondoa chembe za chuma na kuiacha kromu ijijengee ngozi upya.

Fremu za madirisha ni za aluminiamu. Hizo tulizifua kwa sabuni tu. Magadi, siki na msasa haviruhusiwi.

KURUDISHA

Mwaka 1761 jeshi la majini la Uingereza liliivika meli yake HMS Alarm shaba chini ili isiliwe na minyoo ya bahari. Ilipokaguliwa baada ya safari, shaba ilikuwa nzima, lakini misumari ya chuma iliyogusana na shaba ilikuwa imeliwa vibaya. Isipokuwa mahali pachache: pale ambapo karatasi ya kahawia iliyofungia shaba ilikuwa imebaki kati yake na chuma, misumari ilipona. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji hufanya betri, na iliyo dhaifu ndiyo inayolipa. Ndiyo maana sasa kila bolti ya stenlesi inayopita kwenye fremu ya aluminiamu ina washa ya plastiki na grisi, na kila chuma kina bolti za ukoo wake: bronzi kwa bronzi, stenlesi kwa stenlesi.

Matundu ya sitaha hatukuyatumia kama yalivyokuwa. Kila tundu lilitobolewa kuwa pana zaidi, likajazwa epoksi iliyokorogwa na unga wake, na ilipokauka tukatoboa tundu jipya la kipimo katikati ya epoksi. Hivyo hata gundi ikipasuka siku moja, maji yatakutana na epoksi, si mbao. Mdomo wa tundu tuliupanua kidogo kwa drili kubwa ili gundi ijikusanye pale kama pete. Tulitumia gundi ya poliyurethani kwa vyuma vya kubeba uzito. Silikoni ya mabafuni tuliikataa, maana ikishapakwa, hakuna gundi nyingine itakayoshika mahali hapo.

Unapokaza, bolti isizunguke. Wa juu ashikilie kichwa kisitikisike, wa chini azungushe nati, ili pete ya gundi isikatike. Chini ya kila chuma cha kamba sasa kuna bamba la aluminiamu nene la upana wa kitabu, lililotengwa na nati kwa washa za plastiki. Zamani kulikuwa na washa ndogo za ukubwa wa shilingi. Mvuto wa kamba ulikuwa ukiangukia hapo.

ZINKI ILIYOKATAA KUFA

Jambo moja la mwisho, na ni kwa wote wenye injini za ndani au mkia wa chuma majini. Chini ya boti hufungwa kipande cha metali dhaifu, anodi, ili kiliwe badala ya vyuma vingine. Ni kafara. Wazo hilo lilitolewa na mwanasayansi Humphry Davy mwaka 1824, akijaribu kuokoa shaba ya meli za Uingereza. Boti yetu ilikuja na anodi za zinki, na kila mwaka tuliandika kwenye taarifa kwa furaha kwamba bado ni nzima, hazihitaji kununuliwa. Fundi alipozitazama alicheka. Zinki ni ya maji ya chumvi. Katika maji matamu hujifunika ukoko mweupe na kulala usingizi, na kafara isiyoliwa ina maana kwamba kitu kingine kinaliwa. Kwetu ilikuwa ni mhimili wa rafadha. Kwenye ziwa letu anodi inayofaa ni ya magnesiamu. Tumefunga mbili, na moja imeshapungua robo. Isipakwe rangi. Na boti ikihamia baharini lazima zibadilishwe, kwani magnesiamu kwenye chumvi huisha upesi mno.

Boti ilirudi majini Juni 2024. Fomu ya ukaguzi imebadilishwa. Neno "Vyuma" halipo tena. Badala yake kila Januari bolti za chuma kimoja cha kubeba uzito hufunguliwa na kutolewa nje kabisa, na chuma chenyewe huchaguliwa na nahodha asubuhi ya ukaguzi, si na mimi. Januari 2025 alichagua kile cha nyuma, chenye ufa uliozibwa. Bolti zilitoka kavu.

Wenye boti wanaotaka kuazima bisibisi kubwa, drili na gurudumu la kung'arishia wafike ofisi ya mradi siku za Jumanne na Alhamisi na kusaini daftari. Makopo yenye namba yapo pia. Drili za milimita 8 zimebaki mbili, na moja ni butu.